The Witcher 3 au Disco Elysium: ununue ipi kama unachotafuta ni hadithi?

Waulize wacheza gemu wakutajie RPG (gemu ya kuigiza mhusika) yenye hadithi nzuri, na majina mawili hayatakosa kutajwa. La kwanza ni The Witcher 3: Wild Hunt ya CD Projekt Red wa Poland, iliyotoka 19 Mei 2015. La pili ni Disco Elysium ya ZA/UM, studio yenye chimbuko lake Estonia, iliyotoka 15 Oktoba 2019, siku ileile ambayo Witcher 3 nayo iliingia kwenye Nintendo Switch. Witcher 3 ilichukua tuzo ya gemu ya mwaka kwenye The Game Awards 2015. Disco Elysium ilibeba tuzo nne za hafla hiyohiyo mwaka 2019, ya usimulizi bora ikiwemo.

Tuzo hazimsaidii mnunuzi, maana gemu hizi zinaposifiwa kwa hadithi, kila moja inasifiwa kwa jambo lake. Witcher 3 inakupeleka kwenye misiba ya watu wengine: unafika kijijini, unakuta familia imeharibika, unaamua nani asaidiwe, unaondoka. Disco Elysium inakufungia ndani ya kichwa cha mtu mmoja aliyeharibika, na mtu huyo ni wewe. Asiyeijua tofauti hii kabla ya kulipa huishia kuiacha gemu saa ya tatu na kudai ilisifiwa bure.

Witcher 3: msuko mwepesi, vituo vizito

Unacheza kama Geralt wa Rivia, mwindaji anayelipwa kuua mazimwi, akimtafuta Ciri, binti aliyemlea kama wake wa kumzaa. Wahusika wametoka kwenye vitabu vya Andrzej Sapkowski wa Poland, na gemu zinaendeleza pale vitabu vilipoishia. Hulazimiki kuvisoma, wala kucheza gemu mbili zilizotangulia za 2007 na 2011. Mambo ya nyuma yanapiga hodi mara moja tu. Ukiwasha chaguo la kuiga sevu (gemu iliyohifadhiwa) ya Witcher 2 unapoanza, ofisa mmoja kwenye ikulu ya Vizima atakuhoji huku Geralt akinyolewa ndevu. Akifika kwa Letho, mhusika wa Witcher 2, jibu kwamba ulimwacha hai. Ukisema ulimuua, misheni nzuri inayomhusu haitakuwepo kabisa.

Msuko mkuu wenyewe si wa kutisha. Unaenda mahali, unauliza kama Ciri alipita, na kila aliyemwona anataka kwanza umtatulie shida yake. Kwenye eneo la Velen mbinu hii inanoga. Kwenye mji wa Novigrad inachosha: ili umpate Ciri lazima umpate Dandelion, rafiki wa Geralt, na ili umpate Dandelion lazima uzunguke kwa wakubwa wa wahuni wa mji, huyu akikurusha kwa yule. Wengi wanaoiacha gemu huiachia hapo. Dawa ni kuchanganya. Misheni kuu ikikuchosha, chukua kandarasi mbili tatu kwenye mbao za matangazo, kisha rudi. Gemu haikuadhibu kwa kuchelewa, hata kama mazungumzo yanakuharakisha.

Anayeinunua kwa ajili ya hadithi ananunua hasa vituo vya njiani, na cha kupimia vingine vyote ni kile cha Baroni wa Velen, Phillip Strenger. (Aya hii inafichua mambo ya saa za mwanzo.) Baroni ana habari za Ciri, lakini anataka kwanza umtafutie mke wake Anna na binti yao Tamara waliotoweka. Unaichunguza nyumba yake, alama moja baada ya nyingine, na ukweli unajitokeza kwenye vitu kabla haujatoka kinywani mwake: mlevi huyu alikuwa akimpiga mkewe. Kisha mnakutana na zimwi lililotokana na mimba iliyoharibika, kichanga kilichofukiwa bila jina. Unaweza kupigana nalo na kutumia damu yake. Unaweza pia kumfanya Baroni alipakate mikononi usiku, kwenye mvua, alipe jina na kulizika kizingitini pa nyumba. Hakuna maandishi kwenye skrini yanayokuelekeza umhurumie au umchukie. Katika darasa la fasihi huyu angeitwa mhusika duara. RPG nyingi za wakati ule zilikuwa na wahusika bapa wenye alama ya mshangao juu ya kichwa.

Kuna nyongeza mbili, na toleo kamili huja nazo zote. Hearts of Stone ilitoka 13 Oktoba 2015, Blood and Wine 31 Mei 2016. Hearts of Stone ni fupi, kama saa 10, na kwa ufundi wa msuko inalishinda gemu mama: watu wawili, mkataba mmoja, matakwa matatu ya kutimiza, na kila tukio linalikaza fundo lilelile. Inashauri uwe levo ya 32. Kwenye menyu ya mwanzo unaweza kuianzisha peke yake na kupewa Geralt aliyekwisha iva, na mwenye wikendi mbili tu anaweza kuifanya hivyo. Atakosa uzito wa kumzoea Geralt, lakini msuko utasimama kwa miguu yake.

Disco Elysium: kitongoji kimoja na sauti 24

Unazinduka chumbani kwenye hosteli iitwayo Whirling-in-Rags, karibu uchi, na ulevi umekufuta kumbukumbu hadi jina lako. Ukishuka chini unaambiwa wewe ni polisi. Nyuma ya jengo kuna maiti iliyoning'inia mtini siku saba, na luteni wa kituo kingine, Kim Kitsuragi, amekuja mshirikiane kwenye upelelezi. Mahali ni Martinaise, mtaa wa bandari katika mji wa Revachol, ambao mapinduzi yake yalivunjwa kwa mizinga kama nusu karne nyuma na majengo bado yana matundu ya risasi. Makuli wamegoma. Chama chao kinaongozwa na Evrart Claire, mtu mwenye tabasamu pana kuliko ukweli wake. Upande wa kampuni ya Wild Pines yupo Joyce Messier, mwenye adabu zote, anayeujua ukatili wa kazi yake na kuukiri.

Ramani nzima unaivuka kwa miguu kwa dakika chache. Mapigano hayapo. Hata bunduki zinapofyatuliwa, unachokiona ni maandishi, machaguo na dadu.

Kilichoifanya gemu hii isifanane na nyingine ni jinsi inavyotumia stadi za mhusika. Ziko 24, sita katika kila moja ya tabia nne: akili, nafsi, mwili na wepesi. Kila stadi ina sauti yake na inakukatiza wakati unazungumza na mtu. Logic inaona mkanganyiko kwenye maneno ya shahidi, Electrochemistry inadai sigara, Empathy inanong'ona kwamba mama huyu anaficha kilio, Authority inataka umkaripie mtu ambaye hajakukosea. Waliosoma tamthilia shuleni wanaujua uzungumzi nafsia, mhusika akijisemea peke yake jukwaani. Hapa uzungumzi huo umevunjwa vipande 24 vinavyobishana, na baadhi yao ni waongo. Ukiikuza stadi kupita kiasi inakutawala: Authority ikiwa juu sana utaona dharau mahali ambapo hakuna aliyekudharau.

Kwa hiyo watu wawili wanaocheza upelelezi uleule hawasomi maandishi yaleyale. Gemu ina maneno zaidi ya milioni moja, na hakuna mchezaji anayeyaona yote kwa mzunguko mmoja.

Uamuzi na matokeo yake

Hapa ndipo gemu hizi zinapotengana zaidi, na hapa ndipo pa kufanyia uchaguzi.

Witcher 3 inafuata kanuni ya majuto ni mjukuu. Unaamua jambo leo, malipo yanakuja saa nyingi baadaye mahali pengine. Mfano ulio mapema ni roho iliyofungwa ndani ya mti kwenye kilima cha Velen. Uiue au uifungue? Unamaliza, unalipwa, unaondoka. Baadaye ndipo utajua uamuzi ule umefanya nini kwa watoto wa kinamasini na kwa nyumba ya Baroni, na matokeo yote mawili yanauma. Waandishi walichelewesha malipo makusudi. Jibu lingekuja papo hapo, mchezaji angefungua sevu ya dakika tano nyuma na kuchagua jingine. Kwa sababu hiyo weka sevu ya kudumu kila unapoingia eneo jipya, usitegemee ile inayojiandika yenyewe.

Waliotengeneza gemu walisema dunia yake inaweza kuishia katika hali 36 tofauti. Nyingi ni mchanganyiko wa mambo madogo, nani anatawala wapi na nani yuko hai. Hatima ya Ciri ina njia kuu tatu, na zinaamuliwa na mazungumzo machache ya sehemu ya mwisho ambayo hayana dalili yoyote ya kuwa mazito. Ushauri usioharibu utamu: mjibu kama mtu mzima, usimjibu kama mtoto wa kulindwa. Katika mapenzi, ukiwaambia wachawi Yennefer na Triss wote wawili kwamba unawapenda, usitarajie kuwa na hata mmoja.

Disco Elysium inakulipa papo hapo, kwa dadu. Kila jaribio linarusha dadu mbili, linajumlisha stadi yako, na jumla inapaswa kufikia kiwango kilichowekwa. Hesabu yake ni hii: kiwango kikiwa 12 na stadi yako 4, unahitaji dadu zikupe 8 au zaidi, yaani nafasi 15 katika 36, asilimia 42. Vaa koti linaloongeza stadi hiyo pointi moja, unahitaji 7, na nafasi inapanda hadi asilimia 58. Pointi moja nyingine inakufikisha asilimia 72. Ndiyo maana wazoefu hubeba nguo za kila namna na kubadili kabla ya jaribio, hata kama mwonekano ni wa kichekesho. Sita mbili hufaulu daima na moja mbili hufeli daima, kwa hiyo hutaona nafasi chini ya asilimia 3 wala juu ya 97.

Majaribio ni ya rangi mbili. Jeupe ukilifeli linafungwa, na linafunguka tena ukiongeza pointi kwenye stadi hiyo au ukigundua jambo jipya linalolihusu. Jekundu ni mara moja tu. Mchezaji mgeni huona jekundu, anafeli, anafungua sevu, anarusha tena hadi afaulu. Hapo anakuwa ameikata gemu mguu. Kufeli kumeandikwa kwa uangalifu uleule wa kufaulu, mara nyingine kwa uchungu na ucheshi zaidi. Ukifeli kuimba karaoke hosteli nzima inasikia, na onyesho lile lina thamani kuliko la kufaulu. Getini bandarini anasimama jitu liitwalo Measurehead: unaweza kumshinda kwa mwili, unaweza kukubali kulisikiliza somo lake la kibaguzi, unaweza kutafuta njia ya kuruka juu. Hakuna mlango mmoja uliofungwa daima kwa sababu dadu zilikukataa.

Kwa ufundi mtupu wa kuandika, sentensi kwa sentensi, Disco Elysium iko juu, na pengo si dogo. Kwa kukufanya ujali watu uliokutana nao njiani, Witcher 3 bado haijapata wengi wa kuifikia. Ciri na Baroni wana nyuso, sauti, na mvua inayowanyeshea. Kim Kitsuragi peke yake anawasogelea: mtu asiyecheka ovyo, anayeandika kwenye daftari lake, na ambaye idhini yake utaanza kuitafuta bila mtu kukuambia uitafute.

Kiingereza kiasi gani?

Hakuna iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Witcher 3 inahitaji Kiingereza cha kawaida: mazungumzo ni mafupi, Geralt mwenyewe ni mkavu wa maneno, nyuso zinasaidia kueleza na manukuu yapo chini. Disco Elysium inahitaji Kiingereza cha kusoma riwaya. Ina maneno ya kubuni ya ulimwengu wake, utani wa kisiasa na kinaya kisichojitangaza, kiasi kwamba anayesoma polepole anaweza kumaliza jioni nzima na mtu mmoja. Toleo la The Final Cut, lililotoka 30 Machi 2021 na kutolewa bure kwa waliokwisha kununua, liliweka sauti kwenye maandishi karibu yote, na hilo limewaokoa wengi. Kwa wasomaji wa Bukavu, Goma au Bujumbura wanaokimbia zaidi kwa Kifaransa, gemu zote mbili zina Kifaransa. Witcher 3 inacho hadi kwenye sauti.

Mashine, bando na umeme

| | The Witcher 3 | Disco Elysium |
|---|---|---|
| Nafasi kwenye diski | GB 50 | takribani GB 20 |
| Kadi ya grafiki ya chini | GTX 660 au ya kiwango hicho | ya ndani ya kompyuta inatosha |
| Saa za hadithi kuu | takribani 50 | 25 hadi 30 |
| Ukifanya na ya pembeni | zaidi ya 100 | 35 hadi 40 |
| Mapigano | mengi | hakuna |

Laptopu ya ofisini isiyo na kadi ya grafiki inakuamulia yenyewe: Disco Elysium. Mwaka 2025 likaongezwa hata toleo la simu za Android. Zote mbili zipo PlayStation, Xbox na Switch, lakini usizitarajie vibandani unakolipia kwa saa. Hizi ni gemu za sevu yako mwenyewe, na kesho yake mwenye kibanda atakuwa amempa mashine mtu wa mpira.

Ukiwa na kompyuta ya wastani na umenunua Witcher 3, kuwa macho. Sasisho la 4.0 la 14 Desemba 2022 lilileta uchaguzi wa DX11 au DX12, njia mbili za kuchora picha za gemu, kwenye dirisha la kuanzishia. DX12 inaruhusu miale ya mwanga na inaelemea mashine. Gemu ikikwamakwama, rudi DX11 kabla hujailaumu kadi. Zikishindikana zote, kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, kuna tawi liitwalo classic linalokurudisha toleo la 1.32, la kabla ya sasisho hilo.

Kwa bando: zote mbili zinauzwa pia GOG, duka jingine la mtandaoni, ambako unapakua faili la kusakinishia, unalihifadhi kwenye diski ya nje, na huhitaji tena intaneti. Bei za zote mbili hushushwa mara kwa mara, na si ajabu punguzo likavuka nusu ya bei. Kwa umeme unaokatika: gemu zote mbili hazikuruhusu kusevu katikati ya mazungumzo, na mazungumzo ya Disco Elysium ni marefu. Bonyeza F5 kabla ya kumsemesha mtu yeyote mwenye jina.

Kuhusu sebule yenye watoto na wazee, zote ni za watu wazima. Witcher 3 ina damu na ngono inayoonekana kwenye skrini. Disco Elysium haionyeshi mengi, ila inazungumzia ulevi, dawa za kulevya, kujiua na ubaguzi bila kuzunguka.

Makosa yanayoiua hadithi

Kwenye Witcher 3, kosa la kwanza ni kuacha mapigano yakuchoshe wakati ulikuja kusikiliza. Ngazi ya ugumu unaweza kuibadilisha wakati wowote. Chagua iliyo rahisi kuliko zote, kukaa kutafakari kutakurudishia afya, na hutahitaji kusomea mafuta ya upanga. Jifunze alama (uchawi mdogo) ya Quen, ile ngao, na itakuvusha kwenye mengi. Dawa ukishaitengeneza mara moja hujijaza yenyewe unapotafakari, alimradi una pombe kali kwenye begi.

Kosa la pili ni kufagia kila alama ya kuuliza kwenye ramani. Pointi za uzoefu zinatoka hasa kwenye misheni, mazimwi yanatoa kidogo sana, na misheni iliyo levo sita au zaidi chini yako inatoa makombo. Mfagiaji hufika kwa Baroni amechoka, na taharuki inakufa. Velen inaanzia kama levo ya 5, visiwa vya Skellige kama ya 16, na safari ya kwanza ya meli kwenda Skellige itakugharimu krauni 1,000, kwa hiyo usizimalize zote kwa mfua vyuma.

La tatu ndilo zito. Kabla ya kwenda kwenye kisiwa cha Isle of Mists, maliza misheni za pembeni zinazowahusu marafiki wa Geralt. Ukishaenda, nyingi zinafeli kimya, na baadhi ya watu hawatakuja kukusaidia pale utakapowahitaji.

Kwenye Disco Elysium, kosa la kwanza hutokea kabla hujaanza. Una pointi 12 za kugawa kwenye tabia nne. Ukiuacha mwili na 1, unaweza kufa chumbani, dakika ya pili, kwa kushindwa kuvuta tai iliyonasa kwenye feni ya dari: moyo unasimama, gemu imekwisha. Ni utani wa waandishi, lakini unawavunja moyo wageni. Mwili 2 na nafsi 3 au zaidi ni mahali salama pa kuanzia, kinachobaki kitie kwenye akili. Beba dawa za afya na za moyo (yaani morali) pamoja. Afya ikiisha unakufa, na moyo ukiisha unaanguka vilevile, ingawa hakuna aliyekugusa.

Kosa la pili ni kutumia pointi mara tu unapozipata. Kila pointi 100 za uzoefu zinakupa moja ya kuongeza stadi. Weka moja au mbili akiba, maana hiyo ndiyo ufunguo wa jaribio jeupe lililofungwa. Pointi hizohizo zinafungua pia nafasi za kuwekea mawazo unayoyatafakari. Wazo likiwa bado linapikwa mara nyingi linakupunguzia stadi kwanza, faida inakuja likiiva, kwa hiyo usilianze mlangoni pa mahojiano makubwa.

Kuhusu muda, saa ya gemu inatembea unapozungumza au kusoma tu. Ukitembea haisogei. Zunguka utakavyo. Njia ya kuvuka mfereji kwenda pwani inafunguka Jumatano, siku ya tatu, kwa hiyo ukiona umekwama Jumanne jioni hujakosea popote. Pesa za mwanzo zinapatikana kwa kuokota chupa tupu: tafuta mfuko wa plastiki, zijaze, kazibadilishe dukani. Polisi anayeokota chupa, na kila mtu mtaani anamwona. Hata umaskini humo umeandikwa kama sehemu ya hadithi.

Kwa hiyo ipi?

Hujawahi kucheza RPG, au unapenda kuona na kusikia zaidi ya kusoma: Witcher 3. Unaicheza kwa vipande, wiki hii ndiyo wiki ijayo siyo: Witcher 3 tena, kwa sababu shajara yake na masimulizi ya wakati inapopakia yanakukumbusha ulipofika, ilhali ukiiacha Disco Elysium siku kumi utasahau nani alidanganya nini. Unasoma riwaya, una mwezi mmoja wa saa moja kila usiku, na siasa zikiingia kwenye hadithi hazikukeri: Disco Elysium, bila kusita. Anayetaka ulimwengu utakaoendelea ajue kwamba gemu inayofuata ya Witcher imekwisha tangazwa, Ciri akiwa mhusika mkuu, ilhali waandishi wakuu wa Disco Elysium, Robert Kurvitz akiwemo, hawapo tena ZA/UM.

Ukibaki njia panda, kuna jaribio la bei rahisi. Steam inarudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza saa mbili. Saa mbili za Disco Elysium zinakutosha kuiona maiti, Kim, na yule mtoto Cuno anayerusha mawe. Yasipokushika hayo, mengine hayatakushika, rudisha. Saa mbili za Witcher 3 zinakuacha bado White Orchard, kwenye kijiji cha mazoezi, na hapo hapapimi kitu. Hiyo inunue wakati wa punguzo na uipe hadi ummalize Baroni.